Mwalimu Aliyenifaa

Waingapu, kisiwa cha Sumba, 3 Machi 1991

Mdogo wangu Rambu Ngana,

Kwa heshima na taadhima, ukoo mzima wa nyumba yetu, waliopo na waliotangulia, unatangaza kwamba siku ya Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, Umbu Ndamu, bwana kwa jina na karani wa idara ya elimu kwa kazi, mwenye kitambi cha wastani na miwani ya kusomea, alimpanda farasi kwa upande wa kushoto na kushukia upande wa kulia, na kati ya kupanda na kushuka hapakuwa na muda wa kutaja. Farasi hakuumia. Sherehe hazikufanyika.

Haya, ukimaliza kucheka, endelea.

Wazee wamekutana. Wanasema Baba amekaa vya kutosha. Tangu alipokufa mwaka ule wa ukame ameketi chumba cha mbele ndani ya shuka zake, na kila asubuhi mke wangu humpelekea kahawa na tambuu kama mgeni asiye na haraka. Sasa imeamuliwa azikwe Agosti. Na unajua desturi ya nyumba yetu: farasi wa marehemu havutwi kwa kamba kama kwa watu wengine. Mtoto wa kiume wa kwanza humpanda, bila tandiko, akazunguka kijiji chote mbele ya jeneza mpaka kaburini. Akishuka pale ndiye anayekalia mkeka wa baba yake na kuwa mkuu wa nyumba. Asipoweza, anapanda mwingine wa ukoo, na mkeka unakuwa wake.

Binamu yetu Umbu Tay aliniuliza mbele ya watu, kwa upole kabisa, kama mgongo wangu unaniruhusu. Nikamjibu mgongo hauna neno, wasiwasi uko chini yake kidogo. Watu wakacheka. Tay alicheka kuliko wote.

Ndiyo hivyo. Baba alikuwa na farasi kama mchanga, akanipeleka shule ya misheni ili nyumbani apatikane mmoja wa kumsomea karatasi za serikali. Nilirudi na cheti na hofu ya farasi. Wewe uliyebaki ulikuwa unawaganda mgongoni kama kupe kabla hujaota meno ya mbele mara ya pili, na wewe huruhusiwi kupanda siku hiyo. Waliopanga dunia hawakutuuliza.

Ami Kudu amejitolea kunifundisha. Anafundisha kutoka barazani, mdomo umejaa tambuu, na somo lake lote ni kunieleza Baba alikuwa akifanya nini alipokuwa na umri wangu. Nikikaribia kukaa vizuri anampiga farasi fimbo ya tako, ili nizoee. Bado sijazoea.

Kaka yako,
Ndamu


Kupang, 19 Machi 1991

Kaka Ndamu,

Barua yako niliwasomea wauguzi wenzangu wakati wa chai. Mmoja wao, mama mmoja wa kisiwa cha Rote, ameuliza kama umeoa. Nimemwambia umeoa, na mkeo ni mvumilivu.

Sasa nisikilize. Achana na Ami Kudu. Nimefundisha wanafunzi wengi kushika sindano, najua. Yuko anayejifunza kwa kufokewa, mkono unatulia. Wewe sivyo. Wewe ukifokewa hupati ujasiri, unakuwa mpole, kisha unasema uongo. Usinikasirikie, tumelelewa nyumba moja. Tafuta mtu ambaye hutaona haja ya kumdanganya. Huyo ndiye mwalimu wako, hata kama hajui farasi vizuri.

Nitakuja kwa meli mwisho wa Julai. Usiwaachie watu sanduku la Mama. Ile shuka ya mwisho aliyoifuma, yenye farasi wekundu, iko chini kabisa. Nataka kumfunika Baba kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nilie mpaka nichoke, kisha nirudi kazini kwangu.

Na upunguze wali.

Dada yako,
Ngana


Waingapu, 21 Aprili 1991

Rambu Ngana,

Ushauri wako nimeufuata nusu: Ami Kudu nimemwacha, wali bado.

Baada ya Ami nilikwenda kwa Bwana Lado, yule mtu wa kisiwa cha Savu anayefuga farasi wa mashindano karibu na uwanja. Alinitazama kuanzia kichwa, alipofika tumboni akasimama hapo. Akasema farasi wake wamezoea wapandaji wasiofika uzito wa gunia la mahindi. Hata hivyo hakunifukuza. Ana pipa la mafuta alilolifunga kwa kamba kati ya miti miwili, juu yake gunia. Nikapandishwa pipani. Wasaidizi wake wakavuta kamba, pipa likayumba, na Bwana Lado akapiga kelele, "Magoti, Bwana Karani, magoti! Unakaa kama uko ofisini." Nilikaa pipani wiki mbili. Bila kujisifu, hapa Waingapu hakuna anayenishinda kupanda pipa. Siku nilipohamishiwa kwa kiumbe chenye masikio nilimaliza hatua chache, nikaenda kusalimiana na ua la miiba. Mke wangu alinichomoa miiba kwa koleo la nyusi huku akiniimbia zaburi.

Sasa habari yenyewe. Nimempata.

Yuko Prai Lawu, ng'ambo ya mto. Anaitwa Umbu Nggiku. Ni mjane, umri wake kama wangu au umezidi kidogo, anachechemea mguu mmoja, na kwa siku hasemi maneno ya kujaza kikombe. Siku ya kwanza hakunipandisha. Alinipa kamba akaniambia nimpeleke jike wake mwekundu mtoni akanywe. Nikamuuliza nifanye nini akikataa kwenda.

"Subiri."

Nikauliza nisubiri mpaka lini. Akanitazama kwa kunihurumia kidogo. "Una kazi nyingine?"

Ngana, nilisubiri. Jike akala nyasi, akanigeukia, akaja mwenyewe akanipumulia shingoni, tukaenda mtoni kama watu wawili wazima. Hakuna aliyecheka. Nilirudi nyumbani nikakaa peke yangu nyuma ya jiko kwa muda, na mke wangu akadhani nimeumia.

Ndamu


Waingapu, 16 Mei 1991

Dada,

Usiku huu nakuandikia nikiwa sina jeraha, jambo ambalo si la kawaida.

Nimejua kukaa. Ilikuwa hivi. Nilimwambia Umbu Nggiku kwamba ninaogopa kuanguka. Watu wengine wote huniambia nisiogope. Yeye akasema, "Basi lala." Akanilaza chali juu ya mgongo wa jike, kichwa changu kwenye matako yake, miguu ikining'inia, akamwacha ale nyasi. Nikatazama mawingu. Nikasikia tumbo la farasi likinguruma chini ya mgongo wangu kama la mtu aliyesahau chakula cha mchana. Siku ya tatu nilisinzia. Siku ya nne aliniambia niinuke, na nilipoinuka nilikuwa nimekaa, na jike alikuwa akitembea, na sikuwa nimegundua ameanza lini.

Amekataa malipo. Amesema hafundishi kwa mshahara, mimi si kibarua wake na yeye si wangu. Juzi amenipa jike aje akae uani kwangu mpaka siku ya mazishi, nimzoee asubuhi na jioni. Mtu muungwana sana. Aliuliza habari zako pia. Nikamwambia uko Kupang unachoma watu sindano.

Nimempelekea kitu kidogo cha shukrani.

Tay alipita jana, akaniona juu ya farasi. Laiti ungeuona uso wake.

Ndamu


Kupang, 30 Mei 1991

Kaka Ndamu,

Nimefurahi kweli. Nilikuwa na wasiwasi juu yako nisioutaja.

Umbu Nggiku namkumbuka kwa mbali. Alikuja kumtazama farasi kwa Baba nilipokuwa binti, akakaa upande wa kivulini, akaondoka bila kumnunua. Sikumbuki zaidi ya hapo.

Kitu kidogo gani?

Ngana


Waingapu, 12 Juni 1991

Rambu Ngana mpendwa,

Nakuletea habari za jike, maana nimekuwa kama mama aliyejifungua juzi, sina habari nyingine. Hapendi pikipiki. Anapenda maganda ya ndizi. Asubuhi nampanda mpaka njia panda na kurudi, na wanafunzi wa sekondari wameniita majina yote, kisha wamechoka. Na farasi wa Baba bado tunajuana polepole. Ni dume, mzee, ana hasira za Baba mwenyewe, lakini jike akitangulia anafuata bila maneno. Umbu Nggiku anasema hiyo ndiyo dawa yake.

Ami Kudu anadai sasa kwamba ni yeye aliyenifundisha.

Mvua imekatika. Mahindi hayakufika magotini. Mke wangu anakusalimu.

Ndamu

Nimesahau, uliuliza kitu kidogo. Ni shuka tu na nguruwe. Nimekuwa mtu wa mjini sana, sikufikiri mbali.


Kupang, 20 Juni 1991

Ndamu,

Kabla barua yako haijafika, mama mmoja wa kwetu alinishika mkono sokoni hapa Kupang, mbele ya samaki, akanipa hongera. Nikamuuliza hongera ya nini. Akaniambia nisione haya, umri si kitu, na nyumba ya Prai Lawu ni nyumba ya heshima.

Kisha nikasoma ulichokiandika chini ya jina lako.

Hukufikiri mbali. Kaka, hapa hapahitaji umbali. Farasi akitoka kwao, shuka na nguruwe vikitoka kwetu, hata mtoto anayejisaidia uani anajua ni nini kinachosemwa. Kwao wameleta mahari, kwetu tumepokea na kujibu. Hakuna haja ya mtu kufungua mdomo. Umesoma misheni, hukusoma mwezini. Ungempa sukari. Ungempa tumbaku, viatu, redio. Katika vitu vyote vilivyoko Sumba umeokota viwili tu vinavyomtoa dada yako nyumbani.

Mimi nina miaka thelathini na nane. Nina chumba changu, wodi yangu, na kitanda ambacho hakuna anayeniuliza nimeingia saa ngapi. Usitafute kama kuna mwanamume huku. Hayupo. Sihitaji kuwa na mwingine ndipo niwe na haki ya kumkataa huyu. Simchukii, simjui. Sitaki, basi.

Mrudishie farasi wake. Nenda mwenyewe, usitume mtu, useme ulikosea, uombe shuka yetu. Fanya hivyo kabla mwezi huu haujaisha, maana kila siku jike yule anapolala uani kwako mimi nazidi kuwa mke wa mtu.

Na uniambie ni shuka ipi.

Ngana


Waingapu, 9 Julai 1991

Mdogo wangu,

Nimekusikia. Una haki yote, nami ni punda, na ninaomba radhi kwa punda.

Nitamrudishia. Lakini tupime pamoja kidogo. Mazishi ni mwezi ujao. Nikimrudisha jike leo, nimemtukana mwalimu wangu, na farasi wa Baba hatatembea bila jike kumtangulia. Nitaanguka mbele ya wilaya nzima, na Tay atakaa kwenye mkeka. Nikingoja mpaka Baba alale, nitakwenda kwa Umbu Nggiku kwa utulivu, tuyamalize kiume. Wiki chache tu. Wewe uko mbali, hakuna anayekushika mkono.

Sitakuficha: mshenga wao amekuja. Walileta farasi wengine wawili na kipuli cha dhahabu. Nimewaambia dada yangu ni msomi, mpeni nafasi afikiri. Hawakukasirika.

Shuka ilikuwa ile ya Mama. Ndiyo iliyokuwa nzuri, na sikutaka kumwaibisha Mama kwa kutoa mbovu.

Njoo tumzike Baba, Ngana. Hutalazimika kusema lolote. Onekana tu.

Ndamu


Kupang, 17 Julai 1991

Ndamu,

Nikionekana tu, nimekubali. Unajua hilo vizuri kuliko mimi. Watanipokea bandarini na farasi watatu na shangwe, wanawake wa Prai Lawu watanishika mkono kila upande, nami nitakuwa nalia kwa ajili ya baba yangu huku watu wanasema bi harusi analia vizuri.

Sitakuja. Nimerudisha tiketi. Nimekuwa nikijiandaa kwa siku ile tangu Baba alipokata roho, na umeniondoa kwenye mazishi ya baba yangu ili wewe usianguke.

Kwa kuwa huendi, nimemwandikia mwenyewe.

Ngana


Kupang, 17 Julai 1991

Kwa Mheshimiwa Umbu Nggiku, Prai Lawu

Umbu,

Nisamehe kwa kukuandikia moja kwa moja, bila mshenga na bila wazee. Najua si adabu, na kama ningekuwa na njia nyingine ningeipita.

Nasikia kwamba umeniposa na kwamba nyumba yetu imejibu. Mimi sikuulizwa. Jibu lililokufikia halikutoka kwangu. Nakuheshimu kwa wema uliomtendea kaka yangu, na sina neno baya juu yako wala juu ya watu wako. Lakini sitaki kuolewa, na nakuomba usinihesabu.

Rambu Ngana


Prai Lawu, 1 Agosti 1991

Rambu,

Barua nimepata. Mwandiko wangu ni wa darasa la nne, uvumilie.

Mimi nilimwuliza kaka yako kwanza kabla ya kutuma mtu, maana mimi si kijana, sikutaka kukusumbua bure. Kaka yako alisema wewe unaniulizia. Nikasema sawa, lakini nipate neno lake mwenyewe. Baada ya wiki kadhaa akaja na barua yako, akanisomea. Ulisema, mwambie mwalimu wako nimemkumbuka siku aliyokaa kivulini kwa Baba, nikirudi nataka kumwona akipanda. Nilimwomba anisomee tena, akanisomea tena.

Sasa nauliza kitu kimoja, halafu sitauliza kingine. Maneno hayo uliyaandika?

Umbu Nggiku


Kupang, 8 Agosti 1991

Umbu,

Kwamba ulikaa kivulini, hayo niliyaandika. Mengine, hapana.

Unisamehe.

Rambu Ngana


Waingapu, 25 Agosti 1991

Ngana,

Baba amelala. Ami Kudu atakuandikia kwamba nilipanda kama mwana wa baba yangu, peke yangu, mgongo umenyooka, na kwamba hata Umbu Tay alifuta machozi. Mimi nakuandikia ilivyokuwa.

Alfajiri, kabla wageni hawajajaa, Umbu Nggiku alikuja na watu wawili. Walipitia nyuma, kando ya jiko, pasipo na macho. Mkononi alikuwa na shuka ya Mama, imekunjwa vilevile nilivyoikunja mimi, na mtu wake alikuwa na nguruwe kwenye kamba, mkubwa kuliko niliyempa. Hakunisalimu wala hakunitukana. Alisema tu, "Nimemwandikia. Amenijibu."

Nikaanza kusema. Unanijua nikianza. Nikasema wanawake hubadilika, nikasema labda hakuielewa barua yako, nikasema tungoje siku ipite. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Pale mtoni, Umbu, ungeniambia hapana, ulidhani ningefanya nini?"

Jibu ni kwamba asingefanya kitu. Angenifundisha vilevile. Nimelijua hilo muda wote.

Maana ilikuwa hivi, nawe unastahili kuijua yote. Siku ile nilikuwa nimelala chali juu ya jike, yeye amesimama kichwani pake. Aliuliza kama dada yangu ana mtu, nikasema hana. Akauliza kama ungeweza kumfikiria mtu kama yeye. Aliuliza kwa shida, akitazama mto. Nami nilikuwa nimestarehe, Ngana, kwa mara ya kwanza tangu utoto nilikuwa juu ya farasi na sikuogopa, na nilitaka jambo lile lisikatike. Nikasema amekuwa akikuulizia. Hakunilazimisha mtu. Hakunifokea mtu. Ulisema nitafute mwalimu ambaye sitaona haja ya kumdanganya, nikampata, nikamdanganya palepale.

Alipotaka neno lako nilichukua barua yako ya Mei, nikaishika mbele ya macho, nikasoma yasiyokuwemo. Karani anajua kufanya hivyo. Shuka na nguruwe sikuvipeleka kwa kutofikiri. Nilichagua. Nilishuka mpaka chini ya sanduku. Nilijua shuka ya Mama itawafanya waamini kuliko nyingine yoyote, na nilijua ni ya kumfunikia Baba.

Nilidhani atachukua jike aende zake, na ndivyo alivyokuwa na haki ya kufanya. Aliangalia uani, dume la Baba limefungwa, linapiga kwato, limepakwa rangi na kuvikwa manyoya. Akasema, "Baba yako hana kosa." Akampa mtu wake shuka airudishe kwa mke wangu. Akaungamanisha viganja vyake viwili akainama nikanyage nipande, kitu ambacho hakuwahi kunifanyia hata siku moja, alikuwa akiniambia mtu mzima apande mwenyewe. Nikakanyaga mikono yake.

Alitangulia na jike, akichechemea, na farasi wa Baba akafuata. Ndiyo sababu nilizunguka kijiji bila kuanguka. Watu walidhani ni heshima ya shemeji mtarajiwa, wakapiga mayowe. Wanawake waliniimbia jina la farasi, kama wanavyoimbiwa wakuu. Nilikaa wima. Kutoka juu pale niliiona sehemu yake ya upara na jasho lililokuwa likishuka nyuma ya shingo, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Shuka ya Mama aliiweka shangazi juu ya Baba, kwa kuwa hukuwepo. Aliiweka kwa haraka, na upande mmoja ulikunjika. Nilitaka kuunyoosha nikashindwa kushuka bila mtu wa kunishikia.

Kaburini nilishuka, farasi wa Baba akauawa kama inavyotakiwa. Umbu Nggiku alingoja mpaka jiwe la kaburi lilipofungwa. Kisha akaenda kuchukua farasi wake wawili wengine na kile kipuli, akampa mshenga wake, wakaondoka bila kula. Hapo ndipo watu walipoanza kuelewa.

Jioni wazee walikaa ndani. Nilikuwa kwenye mkeka wa Baba, tayari, umebonyea mahali alipokuwa akikaa, na Tay alikuwa mlangoni na vijana. Ami Kudu akauliza, mbele ya wote, ni nani aliyevunja neno, maana Prai Lawu itataka kujua, na fedheha ni lazima iwe na mwenyewe. Mke wangu aliacha kumimina kahawa akanitazama, kwani yeye anajua.

Shangazi akasema, "Si yule wa Kupang? Alikubali, sasa amegeuka. Ndivyo walivyo wakisoma sana."

Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema bora Baba yake hayupo kuyaona haya. Mwingine akasema huyo asirudi hapa kama mgeni wa heshima. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu sasa mimi ndiye mkuu wa nyumba, na neno langu likishasemwa hakuna anayeongeza.

Nilikuwa na tambuu mdomoni. Niliitafuna polepole, nikitazama mbele, mpaka Ami Kudu alipokohoa na mazungumzo yakahamia kwenye mahindi.

Ndamu